Mwanya wa Njiti ya Kiberiti

Mimi ni fundi wa milango. Nalisema hilo kwanza ili ijulikane kwamba mashua si kazi yangu, na kwamba mashua moja tu niliyowahi kuigusa maishani niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliwaacha watu waamini kwamba aliyeiharibu ni ndugu yangu mkubwa. Yeye mwenyewe nilimwacha aamini hivyo.

Huku kwetu Ukambani adui wa seremala ni ukavu. Ukitengeneza mlango kwa mbao mbichi mwezi wa Mei, kufika Septemba viungo vimeachana na kuku anaweza kuchungulia ndani. Kwa hiyo baba yetu alitufundisha kuzikausha mbao darini, juu ya meko ya jikoni, zipate moshi na joto mwaka baada ya mwaka mpaka ukizigonga zinalia. Kisha unapiga randa kwenye ukingo hadi mbao mbili zikutane bila kuacha hata unyuzi wa mwanga. Wateja wangu wa Nunguni walijua hilo. Mtu akija kuchukua mlango, kabla ya neno lolote atauinua ulielekee jua, afumbe jicho moja na kutafuta mwanga unapopenya. Sikuwahi kurudishiwa mlango hata mmoja, na kusema kweli nilikuwa na kiburi nao. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona ubao ukipanuka, maana hapa kwetu haukupata nafasi ya kufanya hivyo.

Ndugu yangu alikuwa amenipita miaka sita. Aliondoka nyumbani akiwa kijana, akaenda Kisumu, akaajiriwa kwenye karakana ya kuunda mashua kando ya ziwa. Karakana ilipofungwa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alirudi na gunia la vifaa na mkebe wa misumari ya shaba. Hakuja na mabati wala baiskeli. Watu wa sokoni Kasikeu wakamuuliza alikuwa akifanya nini huko miaka yote hiyo, akawaambia alikuwa akiunda mashua. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkamba na mashua, wapi na wapi? Wengine walianza kumwita kapteni, naye alikuwa akiitika kwa upole, lakini nilimwona jinsi alivyoanza kuzunguka nyuma ya maduka ili asipite pale walipokaa.

Wakati huohuo kanisa letu lilikuwa likianzisha chuo cha ufundi cha kijiji, na kamati ilikuwa ikitafuta mwalimu wa useremala. Ndugu yangu hakuwa na cheti. Nilifuatana naye kwenda kumwona mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, mtu mtaratibu asiyependa kumvunja mtu moyo. Mzee akamwambia kwamba cheti si lazima, bali alete kazi ya mikono yake ambayo kamati itaiona kwa macho. Nilidhani ndugu yangu atasema kabati au kiti. Akasema ataleta mashua yenye tanga, na ataipitisha kwenye silanga, lile bwawa pana la kunyweshea ng'ombe lililochimbwa zamani chini ya soko. Mzee alitabasamu kidogo, kisha akasema ikimvusha na kumrudisha, kazi ni yake. Nilikuwepo. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu.

Mashua tuliiunda nyumbani kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kibanda cha kazi na mbao. Zilikuwa mbao za marehemu baba, za mti wa mukau, ambao mchwa hawaugusi, na zilikuwa zimelala juu ya meko yetu zaidi ya miaka minne. Nilikuwa nikiziweka kwa ajili ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Nilimpa bila kinyongo, hilo naweza kuapa.

Nilifurahia kumtazama akifanya kazi. Kwanza alichora mashua nzima kwenye sakafu ya kibanda kwa mkaa, kwa ukubwa wake halisi, futi kumi na mbili, kisha akakata makaratasi ya boksi kufuata ule mchoro. Akalaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba mashua yote kama uti wa mgongo. Halafu akachukua yale makaratasi akazunguka nayo vichakani siku tatu, akitafuta matawi yaliyopinda. Majirani walishangaa sana, kwa maana kila seremala huku anatafuta mti ulionyooka, na huyu alikuwa akipita miti iliyonyooka na kushangilia iliyopotoka. Alieleza kwamba tawi lililojipinda lenyewe lina nguvu kuliko ubao uliokatwa kwa msumeno kwenye kona. Matawi hayo aliyachonga kwa tezo yakawa mataruma, yaani mbavu za mashua, akayafunga kwenye mkuku moja baada ya jingine. Mbavu zilipokuwa zimesimama zote, alirudi hatua chache nyuma, akaitazama muda mrefu, na uso wake ukawa ule niliokuwa nikiukumbuka tulipokuwa watoto.

Zilikuwa zimebaki mbao za ubavuni. Hapo ndipo habari ikafika kwamba mama mkwe wake amefariki, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Ilimbidi aende na mkewe, na alijua mazishi na mambo ya ukoo yatamchukua kama wiki tatu. Kabla ya kuondoka aliniita kibandani akanipa maagizo. Nipigilie mbao ubavu hadi ubavu, lakini nisizibane. Akatoa kiberiti mfukoni, akachomoa njiti moja, akaisimamisha katikati ya mbao mbili. Mwanya uwe huo, akasema, unene wa njiti, usipungue. Akirudi atausindilia mwenyewe kwa pamba iliyosokotwa, kazi ambayo watu wa mashua huiita kalafati, na pamba ilikuwepo tele kwenye shamba la mama. Na jambo la pili: mbao zifunikwe magunia, na magunia yaloweshwe maji asubuhi na jioni, kwa sababu zilikuwa zimekauka kupita kiasi. Alirudia hilo la maji mara mbili.

Mwaka ule mvua ya Aprili ilikuwa imetupita. Mke wangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kwenye shimo walilochimba mchangani mtoni, anapanga foleni, anachota kikombe kwa kikombe mpaka debe lijae, kisha analibeba mgongoni kwa kamba ya paji la uso na kupanda nalo mlima. Siku ya kwanza baada ya ndugu yangu kuondoka nilichukua nusu ya debe nikayamwagia magunia. Mke wangu alisimama mlangoni mwa jikoni akinitazama. Hakupandisha sauti.

"Sasa hii maji ni ya watu ama ni ya mbao?"

Niliweka debe chini. Niliona aibu, na jirani aliyekuwa akipita na mtungi wake aliniangalia kana kwamba nimepandwa na kichaa. Sikumwaga tena hata tone. Mpaka hapo nafikiri ningeweza kusamehewa. Ningemngojea ndugu yangu, nikamwambia maji hayakupatikana, naye angejua la kufanya.

Lakini ule mwanya ulinikera. Nilipigilia ubao wa kwanza na wa pili nikiwa nimeweka njiti katikati kama alivyoagiza, kisha nikarudi nyuma nikatazama, na jua likapita katikati ya mbao zangu mbele ya macho yangu. Wateja wawili walikuwa wamekaa pale wakingoja kitanda. Mmoja akauliza kama siku hizi Nunguni tunatengeneza vichungi vya chai. Mwenzake akacheka. Niliwaambia ni mtindo wa mashua, lakini niliona wazi kwamba hawaniamini, na mimi mwenyewe sikuwa nikiamini. Nilijiambia kwamba mtu anayeacha nafasi ili aizibe na pamba ni mtu asiyejua kupiga randa. Nilijiambia kwamba ndugu yangu aliondoka kwa baba kabla hajafundishwa vizuri. Walipoondoka niling'oa ule ubao. Nikaunyoosha ukingo kwa randa ndefu, nikaubana na mwenzake kwa jiliwa, nikapigilia. Haukupita hata unywele. Nikaendelea hivyo mpaka juu, pande zote mbili, na kila ubao niliousogeza ulinifurahisha.

Nilipomaliza, ndipo nikakumbuka kwamba atarudi na kutafuta mahali pa kutia pamba. Kuanzia hapo siwezi tena kusema nilikuwa mjinga. Nilichukua patasi nikachora mfereji mwembamba juu ya kila kiungo, nikaujaza puti ya kuzibia nyufa ili ionekane pamba imo chini yake, nikapiga msasa, kisha nikapaka rangi nyekundu mara mbili, ndani na nje. Aliporudi aliikuta mashua imekamilika, inang'aa.

Aliizunguka mara mbili akiipitishia kiganja ubavuni. Aliniuliza haraka ilikuwa ya nini, maana kalafati alitaka kuifanya yeye. Nilimjibu kwamba nilitaka akitoka matangani apumzike. Alinishika bega, na niliona macho yake yamelowa kidogo. Halafu akauliza, kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Uliacha nafasi ya njiti?"

"Niliacha."

"Na maji?"

"Asubuhi na jioni."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kuchonga mlingoti. Maneno yangu yalikuwa matatu tu na kiunganishi, na nimeishi nayo mpaka leo.

Mvua ya Novemba ilikuja kwa nguvu, silanga likajaa hadi kwenye majani. Kamati ikakubali kuja Jumamosi. Alhamisi tuliibeba mashua kwa mabega, wanaume wanane, tukaishusha majini, kwa sababu ndugu yangu alisema lazima kwanza inywe. Ilikaa juu ya maji imenyooka, bila kulalia upande wowote. Haikuvuja. Alifurahi, ingawa nilimsikia akijisemea kwamba ni ajabu, mashua mpya lazima ivuje kidogo siku ya kwanza.

Ijumaa alikwenda Mbumbuni kuchukua tanga kwa fundi wa nguo aliyemshonea kwa kitambaa cha marekani, nami nikabaki kuilinda mashua. Kama saa sita mchana niliona puti imeanza kutoka kwenye mifereji, inasukumwa nje polepole, ikining'inia. Nikaingia ndani. Ubao wa tatu upande wa kushoto ulikuwa umefura katikati. Kwenye taruma moja palikuwa na ufa mwembamba unaofuata msumari. Nilijua papo hapo. Mbao zilikuwa zikipanuka na hazikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu mimi nilikuwa nimepafunga. Ningeweza kumngoja barabarani nikamweleza. Tungeitoa majini, tukafungua mbao mbili, tukaiomba kamati wiki moja zaidi. Badala yake niliifuta ile puti kwa kidole changu na kukipangusa kwenye nyasi. Alipofika jioni na tanga begani aliniuliza inavuja kiasi gani.

"Hata tone," nikasema, na huo ulikuwa ukweli.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Kamati ilikaa kwenye viti vilivyoletwa kutoka kanisani. Wale wa sokoni walisimama nyuma yao. Ndugu yangu alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Alipandisha tanga, likapiga mara mbili, kisha likashika upepo wa mlimani, na mashua ikaondoka. Kelele zilikatika. Sijui kama watu wengi pale walikuwa wamewahi kuona chombo kikisogezwa na kitambaa. Alivuka silanga lote akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, akageuza upande wa pili kwa ustadi ambao hata mimi nisiyejua kitu niliutambua, na mwenyekiti akainuka kitini na kuanza kupiga makofi. Nilisali. Nilisali kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo kanisani, ishike tu mpaka afike.

Alipokuwa katikati akirudi ulisikika mlio mkavu, kisha mwingine, kisha mfululizo. Zilikuwa mbavu. Ubao wa tatu uliruka nje na misumari yake. Mashua ikainama, tanga likalala juu ya maji, na ndugu yangu akajikuta amesimama, maji yakimfika kifuani, koti la Jumapili likielea pande zake zote. Hakuna aliyeumia. Kutoka nyuma mtu mmoja akapaza sauti akimwita kapteni, na kicheko kikaenea hadi kwa watu wa kamati. Alitembea polepole mpaka ukingoni akiivuta ile mashua kwa kamba, akasimama mbele ya mzee huku maji yakimtiririka.

"Nimesahau kazi," akasema. "Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Huyu ndugu yangu alifanya vile nilimwambia."

Nilikuwa hatua mbili kutoka alipokuwa. Nilitazama chini.

Kamati ilikaa mwezi mmoja, kisha ikaniita mimi. Mwenyekiti alisema milango yangu anaijua. Nilikwenda kumwambia ndugu yangu kwamba nitakataa, na nikasema hivyo nikitumaini atanikatalia, naye akanikatalia. Aliniletea gunia lake la vifaa: randa, tezo, keekee, na kile chuma butu cha kusindilia pamba. Akasema mwalimu anavihitaji kuliko mchunga mbuzi. Nilivipokea. Nilifundisha kwa vifaa hivyo zaidi ya miaka ishirini, nikawasisitizia wanafunzi wangu wakaushe mbao na wabane viungo, na kile chuma butu walipouliza ni cha nini niliwaambia sijui.

Yeye hakushika tena randa. Hata mpini wa jembe lake ukivunjika aliniletea mimi. Nilikuwa nikimwona akija njiani na jembe lililovunjika mkononi, nami nikainamia kazi yangu mpaka afike. Mashua aliikata akachukua nusu iliyobaki nzima akaifanya hori la mbuzi. Msimu wa kiangazi ulipofika, zile mbao zilizokuwa zimekamuana majini zilikauka na kusinyaa, na kila kiungo kikaachia mwanya. Siku moja alinipeleka kunionyesha. Akapitisha ukucha mahali mbao zilipoachana, akidhani pamba ilishatafunwa na mbuzi.

"Angalia. Uliacha kama nilivyokwambia. Basi ni mimi nilikosea kipimo."

Wiki nzima, akasema, alikuwa akipiga hesabu ya unene wa njiti na upana wa mbao, na hesabu haikubali. Alikuwa ameunda mashua kumi na kitu kwa kipimo kilekile. Labda akili yake imeanza kulegea. Nilimwambia asijisumbue, mambo hayo yamepita. Nilimwambia tena na tena, miaka yote hiyo, na kila niliposema alidhani ninamfariji.

Nilistaafu katikati ya miaka ya tisini. Wanafunzi walinipa saa ya ukutani, na mkuu wa chuo akasoma hotuba kuhusu fundi asiyewahi kurudishiwa kazi. Nilikaa pale nikisikiliza na chakula kikanishinda. Asubuhi iliyofuata nilichukua gunia la vifaa nikashuka nalo kwake. Nilimkuta ameketi kando ya zizi. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka miaka mitatu kabla ya hapo. Kikombe cha chai alikuwa akishikiwa na mkewe. Niliweka gunia chini na kumweleza yote: maji, wateja waliocheka, randa, mfereji wa patasi, puti niliyoifuta kwa kidole. Sikujitetea. Aliniacha nimalize.

"Kwa hivyo kipimo changu kilikuwa sawa."

"Kilikuwa sawa."

"Njiti moja."

"Njiti moja."

Aliingiza mkono mfukoni akatoa kiberiti. Alihangaika kukifungua, na njiti nyingi zikamwagika chini, lakini alibaki na moja. Akasogea kwenye hori, lile hori lililochakaa, na kujaribu kuiingiza kwenye mwanya. Njiti iligonga ubao huku na huku. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akaniondoa kwa kiwiko. Alijaribu tena, mara nne, mara tano, kisha ikamponyoka ikaanguka kwenye majani ya mbuzi. Alitazama chini ilipoangukia, halafu akalitazama gunia.

"Ungeniambia nikiwa bado na mikono," akasema.

Mkewe alituita chai. Alikiacha kiberiti juu ya hori akaenda. Niliinama nikaziokota njiti zote, nikazirudisha ndani ya kiberiti, na nikabaki nacho mkononi, kwa sababu sikujua nimpe vipi.